Ngoma ya Kufa na Kuzikana

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile la jalada gumu jeusi ambalo wenye maduka huandikia madeni. Mzee tunayemwita Kapteni hulileta mazoezini kila Jumamosi, limefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila ukurasa ameupiga mistari kwa rula, safu tatu. Ya kwanza ni jina. Ya pili ni yupo au hayupo. Juu ya safu ya tatu ameandika maneno mawili: nani ataenda.

Mara ya kwanza kuliona nilidhani ni zamu ya kwenda kununua chai na mandazi. Ilinichukua miezi minne na ugonjwa mmoja kuelewa, na ilinichukua mwaka mwingine kugundua kwamba daftari kama lile lina ukoo mrefu kuliko Kenya yenyewe.

Wacha nianze mbali kidogo.

Mwaka wangu wa tatu kampasi ndio ulikuwa wa mwisho. Watu wakiniuliza huwa nawaambia ni ada, na ni kweli kulikuwa na salio. Lakini ukweli kamili ni kwamba nilikuwa nimeacha kuingia darasani kabla hata salio halijafika pabaya. Siku moja niliamka nikashindwa kuvaa viatu. Kesho yake vilevile. Semista nzima nilimwambia mamangu kwa simu kwamba mitihani inaendelea poa, na nilikuwa sijaigusa karatasi hata moja.

Nikahamia Githurai, ploti ya vyumba kumi na viwili, bafu mbili na foleni moja. Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4 kwa sensa ya 2019, na mimi sikuwa nikiongea na hata mmoja. Si utani. Kuna wiki nilikaa nikahesabu maneno niliyotamka kwa siku nne: “mkate,” “nusu,” na “asante.” Yote kwa mwenye kioski.

Aliyenitoa humo ni jirani wa chumba namba saba, mzee bawabu wa usiku aliyekuwa akipiga tromboni jioni kabla ya kwenda kazini. Jumamosi moja alinigongea mlango akanitazama juu mpaka chini.

“Kijana, uko na mgongo?”

“Ati?”

“Mgongo. Kijana wetu wa ngoma kubwa amehamia Thika. Hatuna wa kuibeba.”

Nikamwambia mimi si mtu wa kanisa. Bendi yao ni ya kanisa, zile zinazopita mtaani Jumapili asubuhi na tarumbeta, bendera na sare nyeupe. Akacheka. “Sijakuuliza imani, kijana wangu. Nimekuuliza mgongo.”

Ndiyo huyo Kapteni. Nikabeba ngoma.

Sitakudanganya kwamba niliponea siku hiyo. Nilitoka jasho, nikakosa mdundo, na watoto wa mtaa wakanicheka kutoka stendi mpaka reli. Lakini usiku ule nililala saa nane mfululizo, na nilikuwa nimesahau usingizi wa aina hiyo upo. Jumamosi iliyofuata nikarudi. Ukibeba ngoma kubwa, watu ishirini wanatembea kwa mkono wako. Ukichelewa, miguu yao inachelewa. Kwa muda mrefu hakuna kitu duniani kilichokuwa kimenisubiri mimi.

Mwezi wa nne nikashikwa na taifodi. Jumapili sikuonekana. Jumatatu jioni mlango ukagongwa, na nje walikuwa wamama wawili wa matari ambao sikuwa nawajua hata kwa jina. Mmoja alikuwa na chupa ya uji, mwingine pesa za vipimo, zimekunjwa ndani ya leso. Wakaingia bila kuomba ruhusa, wakafungua dirisha. “Wiki hii wewe uko kwetu,” yule mkubwa akasema, kana kwamba anasoma orodha. Kumbe alikuwa ameisoma kweli. Safu ya tatu.

Siku hizi naandika kwa kulipwa, kazi moja moja, nikizipata. Mwaka jana mtu alinipa kazi ya kuandika maneno mia tano kuhusu ngoma za Pwani. Nilipoanza kusoma nikakutana na neno beni, na mia tano yakawa hayatoshi.

Beni ni “band,” neno la Kiingereza lililovalishwa kanzu. Chimbuko lake ni mwambao wetu huu, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Tarumbeta na ngoma za kijeshi zilikuwa zimeshafika. Zanzibar, Sultani Barghash alikuwa na bendi yake ya kupiga muziki wa Kizungu mbele ya jumba lake. Upande wa pili wa maji kutoka kisiwa cha Mombasa, wamisheni walikuwa wameanzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na huko nako vijana walifunzwa kupuliza vyombo vya shaba. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Ukishuka matatu pale leo, unashuka ndani ya hadithi hii.

Sasa fikiria vijana wa mji wa zamani wakiutazama mchezo huu mpya. Askari wa mkoloni wanapita kwa gwaride, hatua moja, vifungo vinang'aa, na kila mtu ana cheo. Wangeweza kukaa barazani waendelee kutazama. Badala yake waliichukua ile sura yote, wakaipandisha juu ya kitu walichokuwa nacho tayari, yaani mashindano ya ngoma baina ya mitaa, wakatoka na kitu kipya. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, kila moja na wafuasi wake na sare zake. Lamu, mji ambao Mkomani na Langoni walikuwa hawajawahi kukosa cha kushindania, beni ilinoga kuliko chai ya tangawizi. Walipita mjini kwa gwaride, wakashindana kwa mavazi, kwa karamu, na kwa nyimbo za mafumbo za kumvua nguo mpinzani hadharani bila kumtaja jina. Yaani “diss track” haikuanzia kwenye simu yako.

Kilichowachekesha Wazungu, na baadaye kikawatia wasiwasi, ni vyeo. Beni ilikuwa na kingi, majenerali, makapteni, makarani. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akiitwa “boi” jikoni kwa Mzungu, jioni alikuwa afisa anayepigiwa saluti. Kuna waliosema huko ni kuiga tu. Mimi naona tofauti. Ukinyimwa heshima saa kumi za mchana, saa mbili za jioni ambazo unaitwa kwa cheo ulichochaguliwa na wenzako zinaweza kukutosha kuamka kesho.

Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza na Wajerumani waliamua kupigania hata huku, na mizigo ikabebwa na mabega ya Waafrika. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zimepata majina yao kutoka kwa “Carrier Corps,” kikosi cha wapagazi. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Watu walichukuliwa vijijini, wakatembezwa mamia ya kilomita, wakafa kwa maelfu, wengi kwa kuhara, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Waliobaki walikuwa wamechanganyika: Mkamba, Mnyamwezi, Myao, Mswahili wa Pwani, wote kambi moja, kila mtu mbali na kwao.

Huko ndiko beni ilikopata miguu. Ilisafiri na askari na wapagazi, kutoka kambi hadi kambi, na vita vilipoisha ikawa imeenea karibu kila mji wa Tanganyika. Makundi mawili yakawa makubwa kuliko yote: Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio wastaarabu, watu wa mji. Arinoti walikuwa na sifa ya kupokea wageni na watu wa kazi ngumu. Katika kila mji wenye maana ungezikuta zote mbili, zikitazamana kwa jicho la pembeni.

Hapa ndipo nilipoliona daftari la Kapteni.

Kwa sababu beni haikuwa muziki peke yake. Ukiwa mwanachama wa Marini ukafika mji usioujua, kazi yako ya kwanza ilikuwa kuwatafuta Marini wa pale. Wangekupa pa kulala na chakula, na wangekuunganisha na kazi. Ukiugua walikuja kukuangalia. Ukifa, mbali na ukoo wako, bila mjomba wala shangazi wa kukulilia, wenzako wa ngoma walikununulia sanda na kukusindikiza. Kiswahili kina jina la mpango huu, na ni jina lisilozunguka: chama cha kufa na kuzikana. Miji ile ya kikoloni ilimtaka mtu nguvu zake tu. Alikuja peke yake, alale popote, na akichoka arudi kwao. Waliochukua jukumu la kwamba mtu huyu ana mwili unaougua na siku moja utakufa walikuwa ni wale aliocheza nao.

Maofisa wa Kiingereza hawakuelewa. Kuelekea mwisho wa vita na mara tu baada yake, waliandikiana barua wakiulizana kama beni ni njama: mtandao gani huu wa Waafrika wenye vyeo, matawi na mawasiliano kutoka mji hadi mji, usiotoka kwetu? Walichunguza, wakakuta ni watu wanaocheza, wanaovaa vizuri na wanaozikana. Lakini hofu haikuisha. Ngoma hiyo ilipofika migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, iliitwa Mbeni. Mwezi wa tano mwaka 1935 wachimba migodi waligoma kupinga kodi iliyopandishwa, na pale Luanshya sita wakauawa kwa risasi. Tume ya uchunguzi ilipokaa, miongoni mwa walioshukiwa kueneza mgomo ni chama cha ngoma ya Mbeni. Sishangai. Watu waliozoea kupiga hatua pamoja wanajua pia kusimama pamoja.

Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Kabla yake, mwaka 1956, Clyde Mitchell alikuwa ameandika kuhusu kalela, ndugu mdogo wa Mbeni, aliyoitazama huko huko Luanshya. Kuna jambo moja kwa Mitchell ambalo sijaweza kulisahau. Wachezaji wa kalela walikuwa vijana wa migodini, suruali zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Kulikuwa na mmoja mwenye cheo cha daktari, amevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Na kulikuwa na mwanamke mmoja tu, nesi. Kazi yake ilikuwa kupita katikati ya wachezaji akiwa na kioo na kitambaa, awaonyeshe nyuso zao, awapanguse jasho.

Huo ulikuwa mchezo, sawa. Lakini mtu aliyeshinda chini ya ardhi siku nzima, anapita mtu anampangusa jasho na kumshikia kioo ajione. Mimi ningerudi kila Jumapili.

Na wanawake hawakubaki na kitambaa tu. Mombasa walikuwa na lelemama yao, ngoma ya wanawake, na beni ilipopamba moto nao wakajipanga kwa vyama, vyeo na sare. Katika mji ambao bibi wa heshima hakutakiwa kuonekana ovyo barabarani, lelemama ilikuwa mahali pa kucheka, kuongoza, kushika pesa za wenzako na kutoa hesabu. Wanawake hao hao, mwishoni mwa miaka ya 1950, ndio waliounda vyama vya wanawake Waislamu vilivyodai elimu na nafasi mjini. Walikuwa wameshajifunza kuendesha mkutano, ila tu mkutano wenyewe ulikuwa na ngoma. Dar es Salaam hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU ilipotaka wanawake, hakuanza na hotuba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake wakawa wanachama.

Najua utasema, sawa, lakini leo tuna SHA, tuna WhatsApp, tuna maombi ya mchango wa mazishi kila wiki. Kweli. Ila WhatsApp yangu ilikuwa na magrupu kumi na saba wakati nikihesabu maneno matatu. Magrupu yote hayo, na hakuna aliyejua kwamba sipo.

Kuna utafiti wa watu wa Oxford uliochapishwa mwaka 2015 ambao ulinifanya nicheke peke yangu. Waliwafuata watu wazima waliojiandikisha madarasa mapya kwa muda wa miezi saba: wengine kuimba, wengine kazi za mikono, wengine uandishi wa kubuni. Mwishoni kila kundi lilikuwa limeungana kwa kiwango kinachokaribiana. Tofauti ilikuwa mwanzoni. Waimbaji walizoeana haraka zaidi, kabla hata hawajapata muda wa kujuana mmoja mmoja. Waandishi, watu wangu, ilibidi wangoje. Naamini. Kwenye bendi nilijua pumzi ya kila mtu kabla ya kujua majina yao, na wamama wale wawili walinipangusa jasho kabla hawajajua kwamba niliacha chuo.

Lakini sitaki kukuuzia beni kama dawa ya chupa. Iliumiza pia. Mashindano ya Lamu na Mombasa yaliwafanya watu wakope na wauze mali ili karamu yao iipite ya wapinzani, na lelemama nayo iliwaingiza wanawake kwenye madeni. Nyimbo za mafumbo zilivunja urafiki na zilizua ugomvi. Undugu wa ndani mara nyingi uliwekwa imara na dharau kwa wa nje. Hata bendi yetu ina mambo yake: kuna wawili hawajasalimiana tangu suala la nani anafaa kupiga solo siku ya Pasaka. Ngoma haiwageuzi watu malaika. Inawapa sababu ya kukutana tena wiki ijayo wakiwa bado wamekasirikiana.

Beni ilififia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kazi zake ziligawanywa. Siasa ilienda kwa vyama vya siasa, mishahara kwa vyama vya wafanyakazi, mashindano kwa timu za mpira, na dansi kwa bendi za gitaa. Haikufa kabisa. Zanzibar bado hupigwa harusini, na Malawi wanawe wako hai, mganda na malipenga, watu wakipuliza vibuyu pale ambapo tarumbeta ilikosekana. Lakini tulipoigawanya, nadhani kuna kipande kilichoanguka katikati, kisichochukuliwa na yeyote: ile kazi ya kuuliza nani hayupo, na nani ataenda.

Nilimsimulia Kapteni haya yote, nikitarajia atashangaa kwamba daftari lake lina babu. Alinisikiliza huku akipangusa tromboni. Kisha akasema aliyemfunza kuweka daftari ni mzee wa bendi aliyemtangulia, na huyo naye alikuwa amefunzwa na mwingine. Hakujua ni la tangu lini. “Mimi najua tu likikosa kuandikwa wiki mbili, mtu anapotea.”

Mamangu nilimwambia ukweli mwaka juzi, kwa simu, nikiwa nimetoka mazoezini na mabega bado yana moto. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, “Na siku hizi unakaa na nani?” Nikamtajia majina. Nilijikuta naendelea kutaja, wa matari, wa tarumbeta, yule anayepiga vibaya na hatuna moyo wa kumwambia. Akaniacha nimalize orodha yote. Hilo ndilo alilotaka kujua. Cheti hakukitaja siku ile.

Mwezi uliopita nilipata kazi ndefu ya kuandika, ile ya tarehe za kukaba koo, nikakosa Jumapili tatu mfululizo. Wiki ya kwanza Kapteni aligonga mwenyewe, nikamwambia niko poa, niko bize tu. Wiki ya tatu alikuja kijana ambaye simjui, mgeni kwenye bendi, miaka labda kumi na tisa, anatazama sakafu. Alikuwa amebeba chupa ya uji na hakujua aseme nini.

“Niliambiwa wiki hii nije kwako,” akasema.

Sikuwa mgonjwa. Nilimkaribisha, tukanywa uji. Nilipomuuliza anapiga nini, alisema bado hapigi chochote, anabeba ngoma kubwa mpaka nirudi. Nilimuuliza mgongo unaendeleaje. Akacheka kidogo, na nadhani lilikuwa cheko lake la kwanza baada ya siku nyingi, kwa sababu nalijua.

Jumamosi nilienda mazoezini. Tulikuwa wawili kwenye ngoma moja, tukipokezana.